Kuhuisha Mpira Unaodunda kwa Kompyuta: Kutoka Fremu ya Kwanza Hadi Video

Watu wengi wanaoanza kujifunza uhuishaji hutaka kuanza na mtu anayetembea au mnyama anayekimbia, na wengi wao hukata tamaa mapema, kwa sababu kazi ya namna hiyo hukusanya matatizo mengi kwa wakati mmoja na mwanafunzi hajui ni lipi lililomharibia kazi. Mpira unaodunda hauna uso, mikono wala nguo za kuficha kosa. Ukikosea kwa fremu 2 tu, mtazamaji anahisi kwamba kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja, nawe unaweza kurudi kwenye grafu ukalikuta kosa lenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu unashughulika na mpira mmoja, tangu kuchagua kasi ya fremu hadi kupata faili ya video, na kila dhana ya michoro ya kompyuta inaelezwa pale inapohitajika.

Nitatumia Blender, ambayo ni programu huria inayopatikana bila malipo, na nitataja vitufe vyake pale vinaposaidia. Anayetumia programu nyingine atakuta mambo yaleyale kwa majina tofauti kidogo, kwa kuwa hesabu iliyo chini yake haibadiliki.

Chagua kasi ya fremu kwanza

Uhuishaji ni mfululizo wa picha tuli zinazoonyeshwa kwa haraka kiasi kwamba macho huzipokea kama mwendo, na kila picha huitwa fremu. Sinema hutumia fremu 24 kwa sekunde, televisheni za nchi zilizofuata mfumo wa PAL hutumia 25, na zile zilizofuata mfumo wa Marekani hutumia takriban 30, au 29.97 kwa usahihi. Michezo ya kompyuta mara nyingi hulenga 60. Katika uhuishaji unaochorwa kwa mkono, mchoro mmoja aghalabu hushikiliwa kwa fremu 2, hivyo sekunde moja ya sinema huhitaji michoro 12 badala ya 24.

Uamuzi huu ufanywe kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinauegemea. Ukihuisha kwa fremu 24 kisha ukaja kubadilisha mpangilio kuwa 30, kompyuta haitaongeza fremu yoyote. Itazicheza zilezile kwa haraka zaidi, na mwendo uliokuwa wa sekunde 5 utakwisha kwa sekunde 4. Mpira wako utaanguka kana kwamba kuna mtu anayeuvuta chini kwa kamba. Hapa tutatumia 24, ambayo ndiyo kasi ambayo Blender huanza nayo.

Muda na nafasi

Wahuishaji hutofautisha mambo mawili ambayo mgeni huyachanganya. Muda ni idadi ya fremu ambazo tendo linachukua. Nafasi ni umbali ambao kitu kinasogea kutoka fremu moja hadi inayofuata. Mipira miwili inaweza kushuka kutoka kimo kimoja kwa fremu 12 zilezile, mmoja ukaonekana unaanguka na mwingine ukaonekana unateremshwa na winchi, na tofauti yote ikawa katika nafasi.

Tuihesabu nafasi hiyo badala ya kuikisia. Kitu kinachoanguka huongeza kasi yake kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita, na umbali ambao kimeanguka ni nusu ya namba hiyo ikizidishwa kwa mraba wa muda. Kwa nusu sekunde, yaani fremu 12, tunapata 0.5 × 9.8 × 0.25, ambayo ni mita 1.225. Kwa hiyo mpira ulioachiwa kwenye kimo cha mita 1.225 katika fremu ya 1 utagusa sakafu katika fremu ya 13. Sasa igawanye safari hiyo katika vipande vinne vya fremu tatu tatu. Kufikia fremu ya 4 mpira umeshuka sehemu 1 kati ya 16 za kimo chote. Kufikia fremu ya 7 umeshuka sehemu 4. Kufikia fremu ya 10 umeshuka 9. Na katika fremu ya 13 zote 16. Kwa sentimita, vimo vyake ni 122.5, 114.8, 91.9, 53.6 na 0. Tazama tofauti baina yao: kipande cha kwanza ni takriban sentimita 7.7, cha pili 23, cha tatu 38.3 na cha nne 53.6. Uwiano wake ni 1, 3, 5, 7, namba witiri zikifuatana, jambo ambalo Galileo Galilei alilieleza katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1638.

Ningependa msomaji achukue karatasi ayachore haya kabla ya kugusa kibodi. Chora mstari wima, weka alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha weka alama zilizo katikati kwa uwiano huo. Utaona alama zimesongamana juu na kuachana chini, na ukizitazama kwa muda utaanza kuhisi mpira ukiondoka polepole na kufika kwa kishindo, ingawa karatasi imetulia tuli. Kompyuta haina habari kwamba mpira una uzito. Inachojua ni namba uliyoipa kwenye fremu fulani, na mtazamaji anausoma uzito kutokana na umbali ulio kati ya alama hizo. Kila hatua inayofuata katika mwongozo huu ni njia ya kuulinda umbali huo usiharibiwe na programu, na mara nyingine usiharibiwe na wewe mwenyewe.

Kuuandaa mpira

Bonyeza Shift na A, ongeza tufe, na katika kisanduku kinachotokea pembeni weka nusukipenyo cha mita 0.1. Kila kitu katika programu ya pande tatu kina nukta ya chimbuko, ambayo ndiyo kompyuta huitumia kupima mahali kilipo, kukizungusha na kukibadilisha ukubwa. Kwa tufe jipya nukta hiyo iko katikati, na kwa kazi yetu mahali hapo hapafai: tutakapoubonyeza mpira kwenye sakafu, utajikusanya kuelekea katikati na sehemu yake ya chini itainuka, hivyo mpira utaonekana umebonyea ukiwa hewani. Ingia hali ya kuhariri kwa Tab, chagua vipeo vyote, yaani nukta zinazounda umbo lake, kwa A, bonyeza G kisha Z, andika 0.1 na ukubali. Mpira umepanda kwa nusukipenyo chake lakini chimbuko limebaki pale pale, sasa likiwa chini kabisa, mahali mpira unapogusa ardhi. Faida ya pili ni kwamba namba ya Z utakayoiona sasa ni kimo cha sehemu ya chini ya mpira, nayo ndiyo tuliyoihesabu.

Ikiwa umewahi kuubadilisha ukubwa mpira kwa mkono, tumia Ctrl na A kuuidhinisha ukubwa huo ili namba zake zirudi kuwa 1. Usipofanya hivyo, kila hesabu ya kubonyea na kurefuka itakayofuata itaanza kutoka namba isiyo sahihi.

Fremu kuu, na kile ambacho kompyuta hujaza katikati

Fremu kuu ni fremu ambayo wewe umeipa kompyuta thamani kamili. Zilizobaki hujazwa na kompyuta yenyewe. Nenda fremu ya 1, andika 1.225 kwenye sehemu ya Z, bofya sehemu hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kuweka fremu kuu ya mhimili huo peke yake. Nenda fremu ya 13, andika 0, fanya vivyo hivyo. Usiweke fremu kuu za mihimili yote mitatu kwa pamoja. Sababu yake tutaiona baadaye kidogo.

Cheza ulichonacho. Mpira utaanza polepole, utashika kasi katikati, kisha utapunguza mwendo unapokaribia sakafu na kutua kama unyoya. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko jingine lolote katika kazi za wanaoanza, na lawama si yao peke yao, kwa sababu programu imepangwa tangu mwanzo kulainisha kila mwendo pande zote mbili. Ulainishaji huo unafaa mlango unaofungwa au kamera inayogeuka. Haufai kabisa kitu kinachogonga kitu kingine, kwa kuwa mpira hufikia sakafu ukiwa katika kasi yake kubwa kuliko zote.

Fungua kihariri cha grafu. Utaona muda ukienda kulia, kimo kikienda juu, na mstari wenye umbo la herufi S ukiunganisha fremu kuu mbili. Mwinuko wa mstari huo ndio kasi: mstari unapolala mpira umetulia, mstari unaposimama wima mpira unakimbia. Kila fremu kuu ina vishikio viwili vinavyoupinda mstari. Mistari ya aina hii inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitangaza katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kusanifu mabodi ya magari, ingawa Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia kabla yake.

Njia ya haraka ya kurekebisha ni kuchagua fremu kuu ya sakafuni, kubonyeza V na kuchagua aina ya vekta, ambayo huunyoosha mstari kuelekea fremu kuu ya jirani. Mwendo utakuwa bora mara moja, lakini bado haujawa sahihi, kwani mpira utafika chini kwa nusu ya kasi inayostahili. Njia sahihi si ngumu. Vigeuze vishikio viwe huru, fungua paneli ya pembeni kwa N, na katika ukurasa wa mstari wa grafu uandike namba. Kishikio cha kulia cha kileleni kilale sawasawa, urefu wake ukiwa theluthi moja ya muda wa kuanguka, yaani fremu 4: kiweke fremu ya 5, thamani 1.225. Kishikio cha kushoto cha sakafuni kiwe theluthi moja ya muda kabla ya kugusa, kwenye theluthi mbili za kimo: kiweke fremu ya 9, thamani 0.817. Kwa mpangilio huo mstari unakuwa parabola kamili, ileile ya mvutano wa dunia. Usiniamini kwa maneno tu. Simama kwenye fremu ya 7 usome Z, na utakuta 0.919, ambayo ndiyo sentimita 91.9 za hesabu yetu.

Midundo inayofuata

Mpira unapodunda hupoteza sehemu ya nishati yake na haurudi kimo chake cha mwanzo. Sheria za tenisi zinataka mpira wa kawaida ulioachiwa kutoka sentimita 254 urudi juu kati ya sentimita 135 na 147, yaani zaidi kidogo ya nusu. Kwa urahisi wa hesabu tutachukua nusu kamili. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba kimo kikipungua kwa nusu, muda nao hupungua kwa nusu. Muda hufuata kipeuo cha pili cha kimo, kwa hiyo kila mdundo huchukua takriban 0.707 ya muda wa uliotangulia. Kupanda hadi mita 0.61 kunachukua fremu 8.5, na kushuka vivyo hivyo, jumla 17. Mpira utagusa tena sakafu katika fremu ya 30. Mdundo unaofuata unafika mita 0.306 na unachukua fremu 6 kupanda na 6 kushuka, hivyo mguso ni fremu ya 42. Wa baada yake unafika mita 0.153 na kuishia karibu na fremu ya 50 na nusu.

Namba zenye nusu zinahitaji uamuzi. Kilele kinaweza kuwekwa kwenye fremu 21.5 bila madhara, kwa sababu karibu na kilele mpira hausogei sana na hakuna atakayegundua kwamba fremu halisi ya kilele haikuonyeshwa. Mguso ni lazima uangukie fremu kamili. Ukiuweka kwenye 50.5, fremu ya 50 itaonyesha mpira haujafika na ya 51 itaonyesha umekwisha kuondoka, na mtazamaji hatauona ukigusa sakafu hata mara moja. Usogeze kwenye 50 au 51. Kanuni ya vishikio ni ileile katika kila mdundo: theluthi ya muda kwa kilele, theluthi ya muda na theluthi mbili za kimo kwa sakafu, pande zote mbili za mguso.

Sasa upe mpira safari ya kwenda mbele. Ukiacha upinzani wa hewa, hakuna kitu kinachoupunguza mwendo wa mlalo wakati mpira uko angani, kwa hiyo mhimili wa X unahitaji fremu kuu mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho, zikiunganishwa na mstari ulionyooka. Chagua zote mbili, bonyeza T na uchague aina hiyo. Hii ndiyo sababu ya onyo la awali. Mtu anayeweka fremu kuu za mihimili yote kila mpira unapogusa chini hujikuta na X iliyolainishwa kwenye kila mguso, na mpira wake husimama, huruka, husimama tena, kana kwamba unasitasita kila hatua. Ukiliona tatizo hilo, tatizo haliko kwenye Z hata kidogo.

Kubonyea na kurefuka

Katika kanuni 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa studio ya Disney, walizieleza mwaka 1981, ya kwanza ni kubonyea na kurefuka. Siri yake ni kuhifadhi ujazo. Ukipunguza kimo cha mpira hadi 0.64, lazima upana wa X na wa Y upande hadi 1.25, kwa sababu 0.64 × 1.25 × 1.25 ni 1. Kwa ujumla, gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha Z upate X na Y. Mpira unaobonyea bila kutanuka huonekana unasinyaa, na mpira unaorefuka bila kupungua unene huonekana unavimba.

Kwa mpira wetu, uache uwe wa duara hadi fremu ya 11, uurefushe katika fremu ya 12 kwa Z ya 1.21 na X na Y za 0.909, uubonyeze katika fremu ya 13, uurefushe tena katika fremu ya 14, kisha urudi kuwa wa duara kufikia fremu ya 16. Baadaye utahitaji kuuinamisha kidogo ili urefu huo ufuate mwelekeo wa safari. Midundo midogo ipewe mbonyeo mdogo zaidi. Nashauri kiasi: anayeanza hupenda kuzidisha, na mpira unaobonyea mno huacha kuwa mpira ukawa kama mfuko wa maji. Tufe la chuma lisibonyee kabisa.

Mzunguko unahitaji tahadhari moja. Kwa kuwa chimbuko liko chini, ukiuzungusha mpira wenyewe utapepesuka badala ya kuzunguka mahali pake. Suluhisho ni kugawa kazi: ongeza kitu kitupu kisichoonekana katika picha, kipe mwendo na mbonyeo wote, kisha uufanye mpira wenye chimbuko la katikati uwe mtoto wake, nao ubaki na kazi ya kuzunguka tu. Utaratibu huu wa mzazi na mtoto ndio unaobeba mifupa yote ya wahusika wakubwa, ambapo kiganja ni mtoto wa kigasha na kigasha ni mtoto wa mkono wa juu. Mpira unapobingirika mwishoni, hesabu ni nyepesi: mzingo wake ni sentimita 62.8, kwa hiyo kila sentimita 62.8 za safari ni nyuzi 360. Ukizidisha au kupunguza, mpira utaonekana unateleza.

Mpira wa kompyuta si duara

Ndani ya kompyuta mpira ni meshi, yaani wavu wa vipeo, kingo na nyuso bapa. Mchemraba una vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6. Njia ya kugawa meshi iliyochapishwa na Edwin Catmull na Jim Clark mwaka 1978 huzidisha nyuso hizo kwa nne kila hatua: 24, 96, 384, 1,536. Namba hupanda haraka, na kompyuta hulemewa haraka vilevile, kwa hiyo ongeza hatua moja baada ya nyingine na usimame pale jicho linaporidhika.

Kila uso una normali, mshale unaoonyesha upande wake wa nje, na mwangaza wake unategemea pembe kati ya mshale huo na mwelekeo wa mwanga. Johann Heinrich Lambert aliiandika kanuni hiyo mwaka 1760: mwangaza hufuata kosini ya pembe, hivyo uso ulioinama nyuzi 60 hupokea nusu ya mwanga unaopokelewa na uso ulioelekea taa. Ukiona sehemu ya mpira ni nyeusi bila sababu, yaelekea normali zake zimegeukia ndani; chagua nyuso zote katika hali ya kuhariri na ubonyeze Shift na N.

Ukichagua ulainishaji wa kivuli, kompyuta huzichanganya normali za nyuso jirani ili mwanga upite juu yake bila mikato, wazo ambalo Bui Tuong Phong alilichapisha mwaka 1975. Lakini tazama ukingo wa nje wa mpira dhidi ya mandhari ya nyuma. Katikati panaonekana laini kama yai, na pembezoni bado kuna pembe zilizonyooka, kwa sababu ulainishaji hubadilisha mwanga tu na hauongezi kipeo hata kimoja. Ukaguzi wa ukingo huo unachukua sekunde chache na mara nyingi husahauliwa.

Mwanga, rangi na kivuli

Pikseli, yaani nukta moja ya picha, kwa kawaida huhifadhi nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikiwa na viwango 256, ambavyo kwa pamoja hutoa rangi 16,777,216. Namba hizo hazifuatani na mwanga kwa mstari ulionyooka. Katika sRGB, mfumo wa rangi wa skrini za kawaida, namba 128, ambayo iko katikati, inawakilisha takriban asilimia 22 ya mwanga. Nusu ya mwanga iko karibu na 188. Programu hulishughulikia jambo hili yenyewe kwa picha za rangi, ila picha inayobeba taarifa nyingine, kama vile ukwaru au normali za uso, inapaswa kuwekewa alama kwamba si rangi. Ukisahau, kompyuta itazipinda namba zake, na uso utang'aa mahali pasipostahili.

Taa ya kawaida hupoteza nguvu kwa mraba wa umbali: ukiisogeza mara mbili mbali zaidi, inabakiza robo ya mwanga wake juu ya mpira. Anza na taa moja pana iliyo juu na pembeni kidogo, na uache nyingine zisubiri.

Kivuli ndicho ninachokipigania zaidi katika sehemu hii. Ondoa kivuli chini ya mpira, kisha uangalie uhuishaji wako: hesabu zote za Z ni zilezile, lakini mtazamaji hawezi tena kujua kama mpira unadunda au unakuja karibu na kwenda mbali. Kwa taa pana, kivuli huwa hafifu na kipana mpira ukiwa juu, hukazana na kuwa cheusi unaposhuka, na katika fremu ya mguso huungana na mpira kabisa. Kagua fremu ya 13, 30 na 42 moja moja. Mstari wowote wa mwanga kati ya mpira na kivuli chake katika fremu hizo ni ushahidi kwamba mpira haujafika chini.

Kurenda

Kurenda ni kuiagiza kompyuta ihesabu rangi ya kila pikseli ya kila fremu. Kabla ya hapo, cheza uhuishaji kwa kasi halisi. Kompyuta ikilemewa huonyesha kila fremu kwa kuchelewa, nawe utahukumu muda usio wa kweli. Katika menyu ya uchezaji chagua kuruka fremu ili sekunde ibaki sekunde.

Injini za kurenda, yaani sehemu za programu zinazofanya hesabu hiyo, zikiwa za kufuata njia za miale ya mwanga, kama Cycles ya Blender, hupiga sampuli nyingi kwa kila pikseli na kuzitafutia wastani. Sampuli zikiwa chache, picha huwa na chembechembe. Ili kupunguza chembechembe hizo kwa nusu unahitaji sampuli mara nne, na muda wa kurenda hupanda karibu mara nne vilevile, kwa hiyo jaribu fremu moja kwanza. Ikichukua sekunde 20, fremu 72 zitachukua dakika 24. Washa pia ukungu wa mwendo kwa kiasi cha nusu fremu, sawa na kamera inayopokea mwanga kwa 1/48 ya sekunde, maana mpira unaosogea zaidi ya sentimita 18 kwa fremu moja huonekana unaruka vipande vipande usipoachiwa mkia wa ukungu nyuma yake.

Hifadhi kila fremu kama picha ya PNG inayojitegemea, usirende moja kwa moja kwenye video. Niliwahi kurenda kazi ya fremu zaidi ya 400 kwenye faili moja ya video, kompyuta ikazimika ikiwa karibu kumaliza, na faili nzima ikakataa kufunguka. Laiti zingekuwa picha, ningeendelea kutoka fremu iliyokatika. Picha zikikamilika, ziunganishe kuwa video ya H.264, ambayo ni njia ya kubana video, kwa kasi ileile ya fremu 24. Ubanaji huo ni wa lazima: fremu moja ya pikseli 1,920 kwa 1,080 isiyobanwa ni takriban megabaiti 6.2, na sekunde moja ya fremu 24 ni karibu megabaiti 149.

Kwa jaribio la mwisho, uvue mpira rangi na mapambo yote, uache kijivu kitupu, na umwonyeshe mtu ambaye hajaiona kazi hiyo. Muulize mpira umetengenezwa kwa kitu gani. Akijibu kwamba ni mpira wa kuchezea, tengeneza nakala mbili, moja ya tufe la chuma linalorudi juu kidogo sana bila kubonyea na nyingine ya puto linalochukua fremu 60 kushuka, ukibadilisha grafu peke yake bila kugusa meshi, taa wala rangi, kisha umwite tena umuulize swali lilelile.